Faili Moja Halipo, Programu Haifunguki: Jibu kwa Dada wa Makorora

*Swali: Assalaam alaykum kaka. Nina steshenari Makorora hapa Tanga. Natoa fotokopi, napiga picha za paspoti na kuwajazia watu fomu mtandaoni. Nina kompyuta mbili za mtumba, zote Windows 10. Ya kwanza niliweka programu mpya ya kuhariri picha, ikagoma kufunguka, ikasema MSVCP140.dll haipo. Kijana mmoja akanitafutia faili hilo mtandaoni, tukalidaunlodi na kuliweka ndani ya System32. Sasa imebadilisha maneno, inaleta namba 0xc000007b. Ya pili, kila nikiiwasha inasema haioni faili fulani lenye mwisho wa .vbs, ingawa kazi nyingine inafanya kama kawaida. Na hilo nalo nilipate wapi? Fundi ni gharama, na wateja wa fomu hawasubiri.*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja jina la faili na namba ya kosa kama zilivyo. Wengi husema tu "kompyuta imegoma", na hapo inabidi tuanze kuulizana swali moja moja.

Nianze na jibu lenyewe, ili ukiwa na mteja mbele yako usilazimike kusoma yote. Kompyuta ya kwanza: futa lile faili mliloliweka kwa mkono, kisha uinstoli furushi kamili la Microsoft linaloitwa Visual C++ Redistributable, la x64 na la x86 yote mawili. Kompyuta ya pili: hilo faili la .vbs usilitafute popote. Kwa dalili ulizonieleza ni mabaki ya kirusi kilichokwisha kufutwa, na kutokuwepo kwake ni kheri. Kinachotakiwa ni kuondoa amri inayoendelea kuliita.

Sasa nieleze kwa nini, maana ukilielewa hili utajitibia mengi bila kumlipa mtu.

Programu unayoiona kwenye kioo kama kipicha kimoja cha kubofya ni kundi la mafaili. Lile lenye mwisho wa .exe ndilo linaloanza kazi, lakini nyuma yake kuna mengine, hasa yenye mwisho wa .dll. Hayo ni maktaba: kazi zilizokwisha kuandikwa, kama kupanga maneno, kukokotoa hesabu au kufungua picha, ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja. Yanafanana na masufuria makubwa ya shughuli. Mtaa una seti moja, kila mwenye harusi anakwenda kuazima, wala hakuna anayenunua lake. Aliyeandika programu yako ya picha alitumia lugha ya C++ na zana za Microsoft, akategemea kwamba mashine yako ina maktaba zinazokwenda na zana hizo. Haikuwa nazo. Ndiyo maana programu ilikataa hata kabla ya kufungua dirisha lake: Windows ilikwenda kuazima, ikakuta hakuna.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba faili lililokosekana lina mwenyewe. Ama ni la furushi la pamoja kama hilo la Microsoft, ama ni la programu yenyewe, ama ni la Windows, ama, kama kwenye kompyuta yako ya pili, lilikuwa la kirusi. Ukishamjua mwenyewe unakwenda kwake, naye anakupa seti nzima. Kulitafuta faili moja peke yake mtandaoni ndiko kulikokufikisha kwenye 0xc000007b.

Jina la faili ndilo linalomtaja mwenyewe. MSVCP140 ni maktaba ya C++ ya Microsoft, na ile 140 ya mwisho ni toleo. Ukiona 100, ni zana za mwaka 2010. Ukiona 110 ni za 2012, na 120 ni za 2013. Namba 130 hutaiona, Microsoft waliiruka. 140 ilianza na zana za 2015, na hawakuibadilisha walipotoa za 2017, 2019 na 2022, kwa hiyo furushi moja linahudumia programu za miaka yote hiyo. VCRUNTIME140.dll na VCRUNTIME140_1.dll nazo zimo humo humo. Siku moja ukiambiwa hiyo VCRUNTIME140_1 haipo wakati VCRUNTIME140 ipo, ujue furushi lako ni la zamani, linahitaji toleo jipya.

Kumbuka pia kwamba furushi la mwaka mmoja haliwi badala ya la mwaka mwingine. Ukifungua orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta unaweza kukuta Visual C++ ya 2008, 2010, 2012, 2013 na nyinginezo, na nyingi zimeandikwa mara mbili. Nimeona watu wengi wakidhani ni marudio yanayokula nafasi, wanazifuta. Kesho yake programu ya hesabu haifunguki, na hakuna anayekumbuka kilichofutwa. Ziache zote. Nafasi wanayookoa kwa kuzifuta ni ndogo mno.

Twende kwenye lile faili mlilolidaunlodi. Simlaumu kijana wako. Ukiandika jina la faili kwenye intaneti, tovuti zinazojitokeza kwanza mara nyingi ni zile zinazogawa mafaili ya dll moja moja, na kitufe chao ni kikubwa. Lakini dll si picha wala maandishi. Ni programu, na ukiiweka System32 umeipa nafasi ndani ya moyo wa mashine. Aliyeipandisha pale humjui, huenda kaibadilisha, huenda ni toleo la zamani lenye kasoro ambazo Microsoft walishazirekebisha. Hata ikiwa safi, imekuja bila wenzake: ukimaliza MSVCP140 utaambiwa VCRUNTIME140 haipo, na baada ya hilo jingine tena, na kila duru ni bando lako.

Halafu kuna suala la biti, na hapa ndipo penye jibu la namba yako. Windows nyingi za siku hizi ni za biti 64, ila zinaendesha pia programu za biti 32. Kila aina inahitaji maktaba za aina yake, wala hazichanganyiki. Programu ya biti 64 ikikabidhiwa dll ya biti 32, au kinyume chake, inasimama na kusema 0xc000007b, maana yake faili lipo lakini haliko katika umbo ninaloweza kulisoma. Kwa hiyo ujumbe wako haukubadilika bila sababu. Mwanzo faili halikuwepo, sasa lipo lakini silo.

Kinachowakosesha watu zaidi ni majina ya folda. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na ile inayoitwa SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Ndiyo, umesoma sawasawa. Jina la System32 lilibaki tangu enzi ambazo Windows yote ilikuwa ya biti 32, na programu nyingi zilikuwa zimeshalizoea hata ikawa vigumu kulibadilisha. Mtu anaona "32", anaweka dll ya biti 32 humo, anaamini amefanya sawa. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwenu.

Basi kompyuta ya kwanza ifanye hivi. Funga programu zote. Fungua folda ya Windows, kisha System32, utafute MSVCP140.dll. Bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", utazame tarehe ya kuundwa. Ikiwa ni siku ile mliyoliweka nyinyi, ndilo. Kwenye kidirisha hicho hicho tazama kama kuna kichupo cha "Digital Signatures" chenye jina la Microsoft. Kisipokuwepo, huna haja ya ushahidi mwingine. Lifute, na Windows ikikuomba ruhusa ya msimamizi, ikubalie. Usiguse faili jingine lolote humo hata kama jina lake linafanana. Kama mliliweka pia kwenye folda ya programu yenyewe, na huko litoe, kwa sababu Windows hutafuta maktaba kwanza kwenye folda ilimo programu, ndipo iende System32. Likibaki pale, litaendelea kuchukuliwa hata ukishaweka lililo sahihi. Wala usiruke hatua hii ukitumaini kwamba furushi litalifuta lenyewe. Kiinstolo kikikuta faili lenye namba ya toleo sawa na lake au kubwa zaidi, huliacha kama lilivyo.

Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Tazama anwani juu ya kioo, jina la tovuti liishie na microsoft.com kabla ya mkwaju wa kwanza. Daunlodi mafaili mawili, VC_redist.x64.exe na VC_redist.x86.exe. Yote mawili kwa pamoja hayafiki MB 50. x64 ni kwa programu za biti 64, x86 ni kwa za biti 32. Hata kama Windows yako ni ya biti 64 yaweke yote mawili, kwani hujui programu utakayoletewa kesho ni ya aina gani. Yaendeshe moja baada ya jingine, kisha uzime na kuwasha mashine. Yakikuambia yameshakuwemo, chagua "Repair". Mafurushi haya hayahitaji intaneti wakati wa kuyaweka, kwa hiyo yahifadhi kwenye fleshi moja na uyatumie kwenye mashine zote za dukani.

Pengine utakutana na ushauri wa kuandika amri ya sfc /scannow. Ni amri nzuri, lakini kwa tatizo lako haifai. Kazi yake ni kukagua mafaili ya Windows yenyewe, na MSVCP140 si la Windows, ni la furushi. Itazunguka hadi asilimia 100, iseme haikuona kasoro, na wewe utabaki na programu isiyofunguka.

Ukiwa umefanya yote hayo na programu bado inataja jina jingine, lisome jina hilo kwa utulivu. Kuna makundi machache ambayo hurudi kila mara.

Likianza na d3dx9, kwa mfano d3dx9_43.dll, au likiwa XINPUT1_3.dll, hilo ni la DirectX ya zamani, yaani maktaba za Microsoft za michoro na sauti. Huwapata zaidi wenye magemu. Windows 10 ina DirectX mpya, lakini vipande hivi vya zamani haikuja navyo. Microsoft wanalo furushi lao la Juni 2010, karibu MB 100, nalo huwekwa bila kuharibu DirectX mpya.

Likianza na api-ms-win-crt, mara nyingi mashine ni ya Windows 7 ambayo haijapata masasisho. Inahitaji Service Pack 1, kisha sasisho namba KB2999226. Wewe una Windows 10, halikuhusu, ila najua mjini bado kuna ofisi zenye Windows 7, na wateja wako watakuuliza. Windows hiyo iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na programu nyingi mpya haziikubali tena hata uweke nini. Na hiyo Windows 10 yako nayo, huduma yake ya kawaida ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Uwe unaliweka hilo kwenye hesabu zako unaponunua mashine nyingine ya mtumba: uliza kama inakubali Windows 11 kabla hujatoa pesa.

Programu ikidai .NET 3.5, hiyo ni sehemu ya Windows iliyozimwa tu. Huwashwa kwenye "Turn Windows features on or off", nayo itadaunlodi kidogo.

Lakini jina likiwa geni, kwa mfano Qt5Core.dll au linaloanza na avcodec, hilo kwa kawaida ni la programu yenyewe. Lilitakiwa liwe kwenye folda yake, pembeni ya .exe. Hapo jiulize programu ilifikaje kwenye mashine. Kwetu watu hupeana kwa fleshi: mtu anakwenda kwa mwenzake, anaona kipicha kwenye kioo, anakikopi, akifika kwake hakifunguki. Alichokopi ni njia ya mkato tu, au ni .exe peke yake bila wenzake. Programu nyingi hazikopiki namna hiyo kabisa, lazima uwe na kiinstolo chake. Zile chache zinazokopika lazima uchukue folda nzima.

Ipo na namna nyingine ambayo huwashangaza watu. Umepokea programu ikiwa kwenye faili la ZIP, ukalifungua, ukaona .exe, ukabofya hapo hapo. Windows inaitoa hiyo .exe moja kwenye folda ya muda na kuiendesha, wenzake wote wakiwa bado wamefungiwa ndani ya ZIP. Lazima ikose mafaili. Bofya ZIP kwa kitufe cha kulia, chagua "Extract All", kisha uendeshe programu kutoka kwenye folda iliyotoka. Kabla ya kuhangaika na lolote jingine, hakikisha hukufanya hivyo. Matatizo mengi niliyoletewa yamekwisha kwa hatua hii moja.

Sasa nina swali ambalo naomba ulichukue kwa uzito. Hiyo programu ya kuhariri picha uliinunua, ni ya bure kihalali, au ni iliyokrekiwa? Nauliza kwa sababu zilizokrekiwa zina ugonjwa wake. Anayezikreki hubadilisha dll mojawapo ili isiulize leseni, na antivairasi ikiiona inaitoa na kuifungia. Programu ikiwashwa inalia kwamba faili halipo. Unaweza kuhakikisha kwa kufungua Windows Security na kuingia "Protection history". Ukiliona jina la faili pale, umejua lilipokwenda. Mafundi wengi watakuambia uzime antivairasi, ulirudishe faili, maisha yaendelee. Mimi nakuomba usifanye hivyo, na nina sababu. Kwenye mashine hiyo watu wanaandika namba zao za NIDA, nywila za barua pepe, vyeti vya watoto, maombi ya mkopo wa chuo. Programu iliyofunguliwa na mtu usiyemjua, kwenye mashine ambayo umeizima ulinzi, inaweza kuyasoma yote hayo. Wanaokuja kwako wamekuamini, na wengi wao hawana njia ya kujua kama taarifa zao zimechukuliwa.

Kwa picha za paspoti huhitaji programu ya gharama. GIMP ni ya bure kihalali, inakata picha kwa vipimo, inabadilisha rangi ya nyuma, na inapanga picha nyingi kwenye karatasi moja. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, haina cha kuinstoli, na aliyezoea Photoshop hatapotea. Siku chache za mwanzo utaona uzito, baadaye mkono utazoea.

Nije kwenye kompyuta ya pili. Tazama tena kile kidirisha mashine inapowaka. Bila shaka juu kimeandikwa "Windows Script Host", na ndani kuna njia ndefu inayopita AppData au Temp hadi kwenye jina la ajabu lenye .vbs. Mwisho huo ni wa skripti, orodha ya amri. Programu za kawaida za ofisi ni nadra sana kuacha skripti mahali kama hapo ili iende kila mashine inapowashwa. Virusi vya fleshi ndiyo tabia yao.

Na wewe mwenye steshenari unavijua hata kama hujui jina lake. Mteja anakuja na fleshi, unaifungua, unakuta mafaili yake yote yamegeuka njia za mkato zenye kimshale pembeni. Mafaili yenyewe hayajapotea, yamefichwa. Kila njia ya mkato ukiibofya inafanya mawili: inafungua faili la kweli ili usishtuke, na inaendesha skripti inayojikopi kwenye kompyuta, tayari kuambukiza fleshi ya mteja anayefuata. Kwako, antivairasi ililikamata faili lenyewe ikalifuta, lakini amri ya "kila ukiwaka, liendeshe" ikabaki. Windows inaitii amri, inakwenda, haikuti kitu, inakuambia.

Kuiondoa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda kichupo cha "Startup", tafuta jina hilo la .vbs au mstari unaotaja Script Host, uuzime. Usipouona hapo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, ubonyeze Enter. Folda itakayofunguka huonyesha vinavyojiwasha vyenyewe. Usipouona na huko, daunlodi Autoruns, chombo cha bure cha Microsoft kwenye ukurasa wao wa Sysinternals. Kiendeshe kama msimamizi, na kwenye kisanduku cha kuchujia andika lile jina la .vbs kama lilivyoandikwa kwenye kidirisha. Mstari ukitokea, ondoa tiki yake. Usiufute moja kwa moja. Ukiondoa tiki unaweza kuirudisha ikigundulika umekosea.

Hapo nina onyo moja. Mstari huo ukiuona sehemu iliyoandikwa Userinit, usiguse kitu, mwite fundi. Baadhi ya virusi hujishikiza kwenye amri hiyo ya Windows inayokuingiza ndani unapoandika nywila. Ukiondoa vyote viwili kwa pamoja, mashine inaweza kukuingiza na kukutoa papo hapo bila kukupa nafasi ya kurekebisha.

Baada ya amri kuondoka, fanya ukaguzi kamili wa antivairasi kwenye kompyuta zote mbili, si ule wa haraka. Muache uende usiku ukiwa na hakika ya umeme. Kisha shughulikia fleshi zako mwenyewe, maana ukisafisha kompyuta na kuchomeka fleshi chafu kesho asubuhi, umeanza upya. Ikague kwa antivairasi kwanza. Kisha, ikiwa fleshi imesomeka kama E, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huyafunua mafaili yaliyofichwa. Kama herufi ni nyingine, badilisha hiyo E, na uitazame mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: usiiendeshe kamwe kwenye C, kwa kuwa huko kuna mafaili ambayo Windows huyaficha kwa sababu. Mafaili ya kweli yakishaonekana, futa njia za mkato na skripti yoyote iliyobaki. Kwenye View ya folda weka tiki ya "File name extensions", ili kila siku uone mwisho wa jina la faili. Mteja akikuletea "barua.docx" na kwako inaonekana "barua.docx.vbs", utaiona kabla hujaibofya.

Kuna hali moja ambayo hukuitaja lakini ningependa uijue mapema. Ikiwa leo programu hii inakosa faili, kesho ile, keshokutwa ujumbe unataja mafaili ya Windows yenyewe, acha kuwaza dll, waza diski. Umeme ukikatika ghafla wakati Windows inaandika, faili linaweza kubaki nusu. Na diski ya mtumba yenye miaka mingi, katika joto na hewa ya chumvi ya huku kwetu pwani, haina maisha marefu. Cha kwanza ni kutoa kazi zako zote na kuziweka pengine, kabla ya amri yoyote, kwa sababu ukaguzi mzito unaweza kuimalizia diski iliyokwisha kuchoka. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike chkdsk C: /f, ukubali ifanyike ukiwasha upya. Baada yake ndipo DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo itahitaji bando, na mwisho sfc /scannow. Hapa sasa sfc iko mahali pake. Fuata mpangilio huo, kwa kuwa sfc huchukua mafaili mazuri kutoka kwenye hifadhi ambayo DISM ndiyo huirekebisha. Ikirudia kuharibika baada ya hapo, nunua SSD ndogo, yaani diski mpya isiyo na sehemu zinazozunguka, na UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kununua kingine chochote cha duka.

Anza na kompyuta ya pili, maana hiyo ndiyo inayoweza kuwaambukiza wateja, kisha hiyo ya programu ya picha. Ikiwa baada ya furushi zote mbili bado haifunguki, nitumie picha ya kidirisha chenyewe, yaani picha kamili inayosomeka hadi jina la programu lililo juu. Niandikie pia kama Windows ni ya biti 64 au 32, utaiona kwenye Settings, System, About, na programu umeitoa wapi. Nikiwa na hayo nitakuelekeza kutumia Process Monitor, chombo kingine cha bure cha Microsoft. Hicho huonyesha kila faili ambalo programu inaliomba na kila mahali inapolitafuta, na faili inalolikosa litaonekana pale kwa jina lake.